Kitabu Kisichoazimika

Hotuba niliyoitoa mbele ya kikundi chetu cha wasomaji hapa Tanga, Siku ya Vitabu Duniani, tarehe 23 Aprili. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikarudisha mambo mawili matatu niliyoyaruka kwa kuchunga muda.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Na nyinyi wanafunzi mliokaa kule nyuma, hamjambo. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimekuja na vitu viwili, nimeviweka hapa mezani mvione.

Cha kwanza ni kaunta buku. Jalada lake lilikuwa jekundu, sasa limepauka. Nililinunua mwaka 1991, nikiwa mwalimu mpya wa Kiswahili, baada ya kupoteza vitabu vitano katika muhula mmoja kwa kuazimisha bila kuandika. Nikapiga mistari kwa rula, safu nne: jina, kitabu, kimetoka lini, kimerudi lini. Tangu hapo hakuna kitabu kilichotoka nyumbani kwangu bila kupita humu. Ukurasa wa kwanza una majina kumi na tisa. Kumi na saba wana tarehe ya kurudisha. Wawili hawana, na mmoja wao ametangulia mbele ya haki. Kitabu nimemwachia.

Cha pili ni hiki kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Ukikishika ni kama umeshika daftari la shule la kurasa arobaini. Binti yangu alininunulia miaka mitatu iliyopita. Jana usiku nimehesabu, ndani yake mna vitabu 214. Kati ya hivyo 214, hakuna hata kimoja ninachoweza kukiandika kwenye kaunta buku hili. Naweza kuvisoma usiku kucha, lakini kumwazima jirani siwezi. Nimekuja kuzungumza juu ya hilo. Ila kwanza niwaeleze nilivyofika hapa, maana humu ndani wapo wanaoniuliza kama nimeacha vitabu, na wapo walioumia kidogo waliponiona na kifaa barazani.

Kusoma nimekukuta nyumbani. Mama yangu hakwenda shule. Alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, ile kampeni ya miaka ya sabini, chini ya mwembe, jioni akitoka shamba. Vitabu vya kisomo vilikuwa na herufi kubwa. Mama alizifuata kwa kidole, akasoma kwa sauti, neno, kimya, neno, na mimi nimejilaza mkekani namsikiliza. Aliposhindwa neno alilirudia mpaka likakubali. Baadaye, nilipofika darasa la nne, zamu ikageuka nikawa mimi ninayemsomea yeye, akichambua mchele. Kwa hiyo tangu mwanzo, kwangu kusoma ni jambo la watu wawili: mmoja ameshika kitabu, mwingine yupo karibu naye.

Tabia zangu nyingine zote zimeota juu ya hiyo. Nasoma alfajiri baada ya swala, barazani, na chai ya rangi, kabla nyumba haijaamka. Penseli haikosi mkononi, na ni penseli tu, kwa sababu kitabu kitakwenda kwa mtu mwingine na mtu huyo ana haki ya kufuta mawazo yangu. Sikunji masikio ya kurasa. Alama yangu huwa ni kipande chochote kilicho mfukoni. Mwezi uliopita nimefungua kitabu nilichokisoma miaka mingi nikaangukiwa na tiketi ya basi ya kwenda Korogwe. Pale pale nikakumbuka safari ile, dirisha lililokwama, na mwanamke aliyekaa pembeni yangu akaniuliza ninasoma nini, tukaishia kusimuliana hadithi nzima mpaka Muheza.

Na karatasi ina maadui hapa kwetu, tusijidanganye. Hewa ya bahari inavimbisha kurasa. Mchwa wakiingia kabatini wanakula kuanzia nyuma, usiku, kimya kimya, mpaka siku unavuta kitabu kinakuja jalada tupu. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilivujisha paa langu juu ya rafu moja. Nilianika vitabu mkekani wiki mbili, nikipachika vipande vya magazeti kati ya kurasa, nikivibadilisha asubuhi na jioni. Baadhi vilipona. Vilivyopona bado vimejikunja kama mkate uliolowa ukakauka, na ndivyo ninavyovipenda zaidi.

Kisha macho yakaanza. Kwanza mstari ulikuwa unanikimbia nikifika mwisho wake. Nikawa nasogeza kitabu mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Miwani ilisaidia kwa muda. Lakini vitabu vyetu vingi vya zamani vilichapwa kwa herufi ndogo, kwenye karatasi iliyokwisha kuwa njano, wino umefifia. Nilifika mahali nasoma kurasa mbili naumwa kichwa. Msomaji mwenzangu anajua maana yake. Nilikuwa naamka alfajiri ile ile, naweka chai pale pale, halafu nakaa tu naangalia njia.

Binti yangu akaona. Akaleta hiki. Nikamshukuru, nikakitia kabatini, kikakaa miezi minne.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika. Taa ya chaji ilikuwa imekwisha. Nikakumbuka kwamba kifaa kile kina taa yake. Nikakitoa, nikakiwasha, nikashangaa bado kina chaji ya kutosha baada ya muda wote ule. Nikabonyeza mahali pa kukuzia herufi. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Herufi zikawa kama zile za kitabu cha kisomo cha mama yangu. Nilisoma mpaka saa nane usiku. Sikuumwa kichwa. Sitawaficha, nililia.

Sasa vijana mtaniambia, mwalimu, hata simu inakuza herufi. Kweli. Na walimu wenzangu mlio kazini mna vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha mkagawiwa. Lakini kifaa hiki ni jamii nyingine, na inafaa kujua kwa nini, kwa sababu kinauzwa dola 100 na ushee kabla ya nauli na ushuru, na mtu asije akatoa fedha hiyo kwa kitu alichonacho tayari.

Kioo cha simu kinakupiga mwanga machoni. Hiki hakifanyi hivyo. Chini ya uso wake kuna vijipovu vidogo mno, kila kimoja upana wake ni kama wa unywele, vimejaa kimiminika kiangavu na chembe za rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Nyeupe zina umeme wa aina moja, nyeusi wa aina ya pili. Kifaa kikisukuma umeme kidogo, chembe nyeusi zinapanda juu mahali penye herufi, nyeupe zinapanda kwingine kote. Zikishapanda zinakaa. Umeme hauhitajiki tena mpaka ufungue ukurasa mwingine, ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa. Unachokiona ni rangi halisi inayopigwa na mwanga wa jua au wa taa, kama karatasi; hata ile taa yake yenyewe inamulika uso wa kioo, haikupigi machoni. Barazani saa sita mchana, simu inakuwa kioo cha kujitazamia. Hiki kinazidi kung'aa. Ugunduzi huu ulianzia kwa watu wa chuo cha MIT, Marekani, waliofungua kampuni ya E Ink mwaka 1997. Sony wakautia kwenye kifaa cha kusomea huko Japani mwaka 2004, na Amazon, wauzaji wa vitabu mtandaoni, wakatoa Kindle ya kwanza Novemba 2007 kwa dola 399.

Kwa hiyo macho yangu yamerudi kazini, na kwa hilo namshukuru Mungu, binti yangu, na wale waliovumbua vijipovu.

Lakini kuzoea kumenichukua mwaka mzima, na kuna kitu hakijazoeleka mpaka leo. Nilikuwa najua mahali. Ukiniuliza maneno fulani yako wapi kwenye kitabu, nilikuwa nakwambia: ukurasa wa kushoto, juu kidogo, karibu na theluthi ya mwisho. Mkono wa kulia unajua hadithi inakaribia kwisha kwa sababu upande ule umebaki mwembamba. Kifaa hiki kinaniambia nimefika asilimia 43. Asilimia 43 haishikiki. Kila ukurasa una uzito ule ule na uko mahali pale pale.

Nilidhani ni uzee, mpaka nikasoma kwamba watafiti wa Norway na Ufaransa wameliona hilo kwa vijana. Waliwapa watu 50 hadithi moja ya kurasa 28, nusu wakaisoma kwenye kitabu na nusu kwenye Kindle, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Katika mengi walilingana. Lakini walipoambiwa wapange matukio ya hadithi kwa kufuatana, lipi lilitangulia na lipi lilifuata, waliosoma kwenye kitabu walifanya vizuri zaidi. Na mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israel walikusanya tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000 kwa jumla. Wakakuta karatasi inashinda skrini kwenye maandishi ya maarifa, hasa msomaji akiwa anaharakishwa, na kwamba kwenye hadithi tofauti haikuonekana.

Nimepanga usomaji wangu kwa kufuata hilo. Riwaya nazisoma humu. Historia, insha, uhakiki, na ushairi wote, nasoma kwenye karatasi, kidogo kidogo, kwa lenzi ya mkononi ikibidi, na penseli yangu. Wanafunzi, hili liwaingie: ukisomea mtihani kwenye simu, unajiongezea kazi.

Sasa nije kwenye yale yanayoniuma.

La kwanza ni Kiswahili. Kifaa hiki ukigusa neno la Kiingereza, maana inatokea papo hapo. Gusa neno la Kiswahili: kimya. Hakina kamusi yetu. Niliingiza hadithi moja ya Kiswahili aliyonitumia rafiki yangu aliyeiandika mwenyewe, nikakuta mwisho wa mstari kifaa kimelikata neno hivi: "hawakuniam-", na mstari unaofuata "-bia". Nilishtuka kama nimemwona mtoto ameshikwa vibaya. Mwanafunzi wa darasa la tatu anajua kwamba "mbi" haigawanyiki. Aliyekifundisha kifaa kukata maneno hakupata kukaa na mtu hata mmoja anayesema Kiswahili, na lugha hii inasemwa kutoka hapa hadi Kisangani.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Nobeli mwaka 2021, riwaya zake za Kiingereza nilizipata humu kwa dakika moja moja, nikiwa nimekaa pale barazani. Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake moja, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, nilimwagiza kijana anayesafiri na basi aniletee kutoka Dar es Salaam. Nilifurahi kuishika. Lakini fikirini hiyo hali: mwandishi wetu, habari zetu, pwani yetu, na lugha ya mbali inanifikia kabla ya lugha ya mama yangu. Kati ya vitabu 214 vilivyomo humu, vya Kiswahili ni tisa. Na hapa ndipo alipozaliwa Shaaban Robert, Vibambani, safari fupi kutoka ukumbi huu.

Watu wa pwani hatujaanza leo kubadilishiwa vyombo vya kuandikia. Nakala ya zamani zaidi yenye tarehe ya Utenzi wa Tambuka ni ya 1728, kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Huko Lamu, Muhammadi Kijumwa alinakili tenzi kwa kalamu ya mwanzi mpaka karne ya ishirini, nyingine zikaenda Ulaya. Kisha zikaja herufi za Kilatini, ukaja mtambo wa chapa. Kila mara kuna vilivyovuka na vilivyoachwa ng'ambo. Leo miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha na inasomeka kwenye kompyuta popote duniani, na mimi nimeiona, nimekaa nayo usiku nikifuatisha mwandiko. Kwa hiyo siwezi kuichukia skrini. Ninachouliza ni nani anapanga vitakavyovuka safari hii.

La pili ni la kuazima, na hili ndilo lililonifanya nije na daftari.

Ukinunua kitabu cha karatasi ni chako. Ukinunua cha humu, mara nyingi umenunua ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 watu waliokuwa wamelipia riwaya mbili za George Orwell kwenye Kindle waliamka wakakuta hazimo. Aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo, Amazon ikazifuta kwenye vifaa vya wateja kutoka mbali na kurudisha fedha. Mwanafunzi mmoja alibaki na maelezo aliyoyaandika pembeni ya kitabu ambacho hakipo tena. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani. Lakini sisi wasomaji tulijifunza kitu: kuna mkono unaofika kabatini.

Hata maktaba zinabanwa. Huko Marekani, mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliweka sharti kwamba kitabu cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26, maktaba ikinunue tena. Mara 26! Nilifungua daftari hili. Kuna riwaya moja humu, nimeihesabu mistari yake, imetoka mara 41. Imeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Imesomwa na mama na binti yake wakiwa na umri ule ule, miaka ishirini ikipita katikati. Imepita mikononi mwa bawabu, muuguzi, na kijana aliyenirudishia na chapati mbili kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kusema alivyoipenda. Kwa hesabu ya wale, ningekwisha kuinunua mara mbili, na kijana wa chapati asingefikiwa.

Najua kuna watakaosema, sisi huku tumeshalitatua hilo, tunatumiana PDF kwenye WhatsApp. Wapendwa, naomba tuongee kwa upole lakini kwa ukweli. Mimi nikikuazima kitabu, kwangu kinabaki pengo kwenye rafu. Ninakikosa mpaka ukirudishe. PDF haiachi pengo. Leo umetumiwa wewe, kesho wako mia tatu, na mwandishi aliyekesha miaka miwili hajapata hata ya vocha. Wapo waandishi wetu wanaouza riwaya kwa vipande kwenye WhatsApp hiyo hiyo, unalipa kwa simu, unatumiwa sehemu inayofuata. Nawaheshimu sana. Wamebuni soko bila msaada wa mtu, kama zamani zile hadithi za mfululizo zilivyouza magazeti. Halafu mmoja wetu ananunua sehemu zote, anaziunganisha, anazisambaza bure anajiona mkarimu. Huo ni wizi, hata ukifanywa na mpenda vitabu.

Wachapishaji wetu mliofika leo, nawaomba kwa heshima zote. Nipeni vitabu vyenu humu. Niuzieni kwa simu, kwa shilingi, bila kadi. Kuna duka moja la nje lilinikataa mara tatu kwa sababu ya nchi niliyomo. Nifanyieni hesabu ya kuazima pia: mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa wiki mbili, kikiwa kwake kisiwe kwangu. Kompyuta inaweza kulinda pengo kwenye rafu, hilo halishindikani, maktaba za Ulaya na Marekani zinaazimisha hivyo kila siku. Na kamusi. Jamani, kamusi tunazo, zimechapwa, wataalamu wapo. Siku nitakapogusa neno la Kiswahili humu likaniambia maana yake kwa Kiswahili, nitawapigia simu nyote.

Na maktaba zetu. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, wakati hesabu ya mwaka ule inaonyesha kama watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Alijenga nyumba ya vitabu kabla wasomaji hawajakuwepo, mama yangu akiwa mmoja wa hao 67. Nikimkumbuka sioni kwa nini tusubiri kila mtu awe na kifaa ndipo tuanze. Shirika la Worldreader lilianza Ghana mwaka 2010 kwa kupeleka vifaa hivi kwa wanafunzi, kwa hiyo si jambo la kufikirika. Vifaa vitano kwenye maktaba ya mkoa, kwa ajili ya wazee wa macho kama mimi, vingebadilisha alfajiri za watu wengi.

Lakini hayo yatachukua muda, na mimi nina umri nilionao. Kwa hiyo wiki hii nimefanya jambo. Nimeondoa humu barua na picha zangu, nimeacha vitabu. Nimetafuta namna ya kukiazimisha, nikaona kitabu kimoja kimoja haiwezekani, basi kitoke chenyewe na vyote vilivyomo.

Nimefungua ukurasa mpya wa kaunta buku. Safu zile zile nne. Kwenye safu ya kitabu nimeandika, "Kifaa, vitabu 214". Tarehe ya kutoka nimeandika ya leo. Safu ya jina iko wazi. Anayekichukua anakaa nacho wiki mbili, na mimi katika hizo wiki mbili nitasoma kwa lenzi. Nimeweka herufi kwenye ukubwa wa kisomo, lakini unaweza kupunguza, mahali pa kubonyeza pako juu kulia. Waya wa chaji uko kwenye bahasha hii.

Penseli hii hapa. Nani anaanza?